Kutafuta Umbo Lenye Kasoro kwa Sarufi Rasmi

Umbali kati ya "habri" na "habari" ni 1, kwa sababu imepungua herufi moja tu. Kipimo hicho huhesabu idadi ndogo kabisa ya herufi za kuongeza, kufuta au kubadilisha ili neno moja liwe jingine. Kimebeba jina la Mrusi Vladimir Levenshtein, aliyekieleza mwaka 1965.

Kulinganisha neno na neno ni kazi nyepesi. Ugumu huanza pale unapotafuta umbo, tuseme hesabu yoyote ambayo kila bano lililofunguliwa limefungwa. Umbo la namna hiyo huelezwa kwa sarufi rasmi: kanuni chache zinazozalisha mifuatano ya alama isiyo na kikomo. Ukisema uilinganishe mmoja mmoja, utakesha.

Mwaka 1972 Alfred Aho na Thomas Peterson walionyesha njia ya kulikwepa hilo, nayo ni kuilegeza sarufi makusudi. Huongezwa kanuni za makosa: alama inayotakiwa inaweza kukosekana, kubadilishwa na nyingine, au kuchomekewa ya ziada, na kila kosa hutozwa faini ya 1. Sarufi sasa inapokea takataka yoyote, mradi ilipiwe. Algoriti, yaani hatua za kukokotoa zinazofuatwa na kompyuta, huchanganua matini kipande kwa kipande, ikikumbuka faini ndogo kabisa ya kila kipande, kisha huviunganisha.

Chukua (3+4*5. Ukifunga bano baada ya 4, jibu ni 35. Ukilifunga mwishoni, au ukilifuta lile la mwanzo, ni 23. Njia zote hizo faini yake ni 1, na algoriti haijui mwandishi alikusudia ipi. Kwa hiyo mimi huona kuiita kazi hii "kusahihisha" kumezidi kidogo. Kilichopatikana ni kilicho karibu.

Na kasi yake si ya kujivunia: matini ikirefuka mara 2, kazi huweza kuongezeka mara 8. Ruwaza sahili, zisizohitaji mabano ndani ya mabano, hazina gharama hiyo.

Wanabiolojia wanaotafuta RNA, molekuli ya seli iliyo kama uzi wa viungo vinne vinavyoandikwa A, U, G na C, hawawezi kutosheka na ruwaza sahili. Uzi wa RNA hujikunja, A ikishikana na U, G ikishikana na C, jozi ndani ya jozi, kama yale mabano ya hesabu. Mabadiliko ya vinasaba huvunja jozi moja au mbili huku mkunjo ukibaki vilevile, na mtafutaji anayedai ulingano kamili ataupita bila kuuona.