Tasnifu yako ikae mahali pamoja

Alhamisi moja alasiri mlango wangu ulibishwa na mwanafunzi wa uzamili, mwalimu wa sekondari kutoka Vihiga ambaye anasoma huku akifundisha. Alikuwa ameshuka matatu Luanda akamalizia safari kwa bodaboda, na mkononi alishika flashi iliyofungwa uzi mwekundu ili isipotee. "Mwalimu, naomba unisaidie," akasema hata kabla ya kuketi. "Sijui tena tasnifu yangu ni ipi." Niliichomeka. Ndani mlikuwa na faili kumi na moja: Sura ya 4, Sura ya 4 mpya, Sura ya 4 ya Prof, Sura ya 4 mwisho, Sura ya 4 mwisho kabisa, na kuendelea. Msimamizi wa kwanza alikuwa amesahihisha moja, wa pili akasahihisha nyingine, naye mwenyewe alikuwa ameendelea kuandika katika ya tatu. Tulikaa hadi giza likaingia, tukilinganisha aya kwa aya, na jedwali moja la matokeo hatukuliona tena.

Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi na wahadhiri wa huku magharibi, kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, kutumia zana za ofisi za mtandaoni. Kila baada ya miezi michache kampuni hutoa jambo jipya, na kila likitoka naulizwa kama lina faida. Huwa najibu kwa swali: tasnifu yako inakaa wapi? Kama bado unaituma huku na huku kwa baruapepe na WhatsApp, kila unapoituma unazaa nakala, na kila nakala inashika njia yake. Waraka ukiwa na makao mamoja, watu ndio wanaoufuata. Vipya vingi vya miaka hii ya karibuni vimejengwa juu ya msingi huo, na asiye nao havimfai kitu.

Msingi wenyewe si mgeni. Mwaka 2006 Google ilinunua kampuni iliyotengeneza Writely, programu ya kuandikia ndani ya kivinjari, na humo ndimo ilimozaliwa Google Docs. Microsoft ikazindua Office 365 mwaka 2011. Lakini Korona ilipofunga vyuo Machi 2020 ndipo wengi wetu tulipofungua kwa mara ya kwanza akaunti za chuo tulizokuwa tumepewa zamani. Tulijifunza haraka kukutana kwa vidio. Kuandika pamoja katika waraka mmoja hatukujifunza, na pengo hilo naliona hadi leo.

Kipya ninachokipenda kuliko vyote ni vichupo (tabs), yaani sehemu zenye majina ndani ya waraka mmoja wa Google Docs, vilivyoanza kuwafikia watu Oktoba 2024. Zamani tasnifu ya kurasa 150 ilikuwa utepe mmoja mrefu, na mtu anayesoma kwa simu alichoka kidole kabla ya kufika sura ya tatu. Sasa upande wa kushoto unaweza kufungua kichupo kwa kila sura, na ndani ya kichupo ukaweka vingine vidogo. Mwalimu wetu wa Vihiga tulimpangia hivi: sura tano, vichupo vitano, kimoja cha viambatisho, na cha mwisho tukakiita Daftari. Katika Daftari anaandika tarehe ya kila kikao na wasimamizi wake, walilosema, na alilofanya baada ya hapo. Nawasisitizia wote wawe na hilo daftari. Msimamizi akisahau kwamba mwezi wa tatu alikuelekeza uondoe nadharia fulani, unalo neno lake na siku yake, na mazungumzo yanaendelea kwa heshima.

Kila kichupo kina kiungo chake, kwa hiyo ukimtumia Profesa kiungo cha sura ya pili anatua pale pale. Ila kumbuka kwamba ruhusa ni ya waraka mzima. Hakuna kumfungulia mtu kichupo kimoja ukamfungia vingine. Kama kuna maandishi ambayo hutaki ayaone, yaweke katika waraka wa peke yake.

Sasa hofu ambayo naisikia kwa karibu kila mwanafunzi: "Msimamizi akiingia humo si atafuta kazi yangu?" Anaweza, ukimpa ruhusa ya kuhariri. Usimpe hiyo. Unapomwongeza, chagua awe mtoa maoni. Hapo chochote anachoandika au kukata hubaki kuwa pendekezo: maneno yake yanaonekana kwa rangi, yako yanapigwa mstari lakini hayaondoki mpaka wewe ukubali. Hali hii ya mapendekezo ipo tangu 2014, na bado nakutana na wahadhiri wanaochapisha sura nzima, wanaiandika kwa kalamu nyekundu, kisha wanaipiga picha na kuituma WhatsApp. Nawaheshimu, kwa sababu wanasoma kwa makini kuliko wengi. Nilipokaa na mmoja wao dakika ishirini nikamwonyesha kwamba anaweza kubofya neno akaacha swali pembeni, na mwanafunzi akajibu hapo hapo, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe naweza kuona kama amenielewa." Tangu siku hiyo sijaona picha zake tena. Wanaotumia Word ya mtandaoni nao wanaweza kufuatilia mabadiliko kwa namna inayofanana. Sitakaa hapo sana kwa kuwa mantiki ni ile ile.

Kabla ya kumwita msimamizi aingie, nenda kwenye historia ya matoleo (version history), ambamo mabadiliko ya waraka huhifadhiwa, ulipatie toleo la sasa jina. Andika kitu chenye maana, kama vile "Kabla ya maoni ya Daktari, 14 Mei". Google Docs inakuruhusu kuyapa majina matoleo hadi 40 katika waraka mmoja, idadi inayotosha tangu pendekezo la utafiti hadi utetezi. Ukiharibu jambo, unarudi kwenye jina. Zile faili kumi na moja za flashi zilikuwa zinatafuta kufanya kazi hii, ila kwa njia ya kuumiza.

Historia hiyo ina kazi nyingine, na hapa naomba wahadhiri wanisikilize. Mwaka jana kijana mmoja aliambiwa mbele ya jopo kwamba sura yake ya nadharia imeandikwa na akili mnemba. Ushahidi ulikuwa asilimia iliyotolewa na programu ya kutambua maandishi. Alikuja kwangu macho yamemwiva. Nilimwambia, fungua waraka wako. Tukaitazama historia pamoja: wiki saba za kazi. Aya ya kwanza ilianza na mistari miwili, ikakaa siku tatu, ikaongezwa. Saa tano usiku wa Jumapili alikuwa amekosea mwaka wa chanzo, akaurekebisha asubuhi. Kuna ukurasa mzima alioufuta akauandika upya kwa mpangilio mwingine. Mtu anayebandika maandishi ya mashine huonekana tofauti: maneno elfu mbili yanatokea kwa dakika moja, yamekamilika, hayaguswi tena. Kijana aliionyesha historia ile kwa jopo, na jopo likamwamini.

Sidai kwamba historia haidanganyiki. Mtu mvumilivu anaweza kunakili kidogo kidogo kutoka skrini nyingine. Lakini ni ushahidi ulio bora mara nyingi kuliko asilimia ya programu. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, waliondoa chombo chao wenyewe cha kutambua maandishi ya mashine Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Ikiwa mtengenezaji amekiri hivyo, kumfukuza mtoto wa mtu masomoni kwa nambari tupu ni dhuluma. Mhadhiri, omba historia kwanza, kisha mwite mwanafunzi akueleze kwa mdomo wake alichoandika.

Kuhusu wasaidizi wa akili mnemba, yaani Gemini ndani ya Docs na Copilot ndani ya Word, nina machache. Zitumie kukagua lugha na kuuliza wapi hoja yako imelegea. Usizilishe mahojiano ya watu waliokuamini.

Hapo ndipo penye jambo linalonikosesha usingizi. Mtafiti mmoja wa afya aliniita nimsaidie na lahajedwali iliyokuwa nzito. Tulipoifungua, juu kulia kulikuwa na vijiduara vya wanyama watatu. Akauliza hao ni nani. Google humpa picha ya mnyama mtu anayeingia kwa kiungo bila kujulikana jina. Maana yake kiungo kilikuwa wazi kwa yeyote, na watu watatu tusiowajua walikuwa wanasoma, wakati ule ule, majina, nambari za simu na hali za kiafya za kina mama aliowahoji vijijini. Alikuwa amekifungua siku moja ili msaidizi wake aingize data kwa haraka, akasahau kukifunga. Nilimwona mikono ikitetemeka alipobadilisha ruhusa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mwenye kukusanya ndiye mwenye kuzilinda. Kwa hiyo: ongeza watu kwa anwani zao za baruapepe, mmoja mmoja. Ukitumia akaunti ya chuo unaweza kuweka tarehe ambayo ruhusa ya msaidizi itaisha yenyewe. Weka siku kazi yake inapomalizika. Majina ya wahojiwa yasikae kabisa na majibu yao. Mpe kila mmoja namba, na ufunguo wa namba hizo uwe katika faili ambayo huishiriki na mtu. Na leo, kabla hujalala, fungua kila faili uliyoshiriki mwaka huu uangalie imeandikwa nini kwenye ruhusa.

Sasa stima na bando. Anayeishi Maseno au Kakamega anajua mvua ya alasiri: radi inapiga, taa zinazimika, Wi-Fi inakwenda nazo. Watu huniambia wanarudi kwenye faili za flashi kwa sababu hiyo tu. Si lazima. Kwenye simu, bonyeza waraka uuchague upatikane bila intaneti. Kwenye kompyuta, washa hali hiyo katika mipangilio ya Google Drive, ghala la faili zako, ukiwa unatumia Chrome au Edge, na ufanye hivyo mapema ukiwa na mtandao mzuri. Utaandika gizani mpaka betri iishe, na mtandao ukirudi maneno yako yatapanda yenyewe. Usiwashe hali hii kwenye kompyuta ya saiba wala ya rafiki, maana nyaraka zako zitabaki ndani ya mashine ile. Maandishi matupu hayali bando sana. Kinachokula ni vidio na picha kubwa. Na kama chuo chako kimejiunga na eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, ambayo hapa Kenya husimamiwa na KENET, mtandao wa taasisi za elimu, akaunti yako ya chuo inaweza kukuunganisha ukitembelea chuo kingine kilichojiunga, bila kuomba nenosiri la mtu.

Nafasi ya kuhifadhi nayo imebadilika. Vyuo vilizoea kwamba Google haina kikomo. Februari 2021 ikatangaza kwamba kila taasisi itapata terabaiti 100 za pamoja, na Microsoft ikatangaza kiwango kama hicho mwaka 2023. Piga hesabu: chuo chenye watu 20,000 kinabaki na gigabaiti 5 kwa kila mmoja. Rekodi za mihadhara ambazo hakuna anayezitazama ndizo zinazojaza ghala. Zifute.

Mwisho kuna akaunti yenyewe. Kijana mmoja aliyesomea upande wa Nakuru alihitimu, akaajiriwa, na baada ya muda chuo kikafunga akaunti yake. Folda ya utafiti ilikuwa chini ya jina lake, na wenzake watatu waliokuwa wakiendeleza kazi ile waliamka wakakuta haipo. Kazi ya kikundi iwekwe kwenye hifadhi ya pamoja, ambayo faili zake ni za taasisi na haziondoki na mtu. Na kazi yako binafsi uihamishe ungali mwanafunzi: Google ina huduma ya kuhamisha maudhui ndani ya Takeout, chombo chake cha kutolea data zako, unaingiza anwani yako ya Gmail, unapokea msimbo wa kuthibitisha, nakala zinaanza kwenda. Huchukua saa chache, lakini inaweza kufika wiki, kwa hiyo usiianze siku ya kuchukua joho. Nakala zinazofika huko huanza historia mpya. Aliye na utetezi mbele yake aache waraka wa asili ulipo mpaka jopo litie sahihi, ndipo ahame.