Kilimia Hakileti Mvua, na Wahenga Hawakusema Kinaleta

Jumamosi iliyopita nilielekeza darubini kwenye Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana. Kijana mmoja akachungulia, akainua kichwa, akasema: "Kumbe hivi ndivyo vinyota wazee waliamini vinaleta mvua." Kauli hiyo nimeisikia kwa walimu, kwa watangazaji, hata kwa watu waliosoma jiografia chuoni. Nimechoka kuijibu gizani, kwa hiyo naijibu hapa.

Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Isome tena. "Huleta" iko wapi? Jina lenyewe linatokana na kulima. Ni kalenda ya mkulima. Anayeamka kwa adhana ya alfajiri hadai kwamba muadhini ndiye aliyelichomoza jua.

Na kalenda hiyo ilihitajika sana. Mwaka wa miezi ya kuandama una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka unatangulia majira kwa siku kama 11, na baada ya miaka 33 hivi umeyazunguka yote. Huwezi kupanda mpunga kwa kuhesabu Rajabu. Ndiyo maana watu wa pwani waliweka pia mwaka wa nairuzi, wa siku 365, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambao Makunduchi huko Unguja bado wanauogea kila Julai. Na ndiyo maana walitazama nyota.

Sasa neno linaloniudhi kuliko yote: kuzama. Watu hulisoma kana kwamba ni kule kuzama kwa kila siku, kisha wanashangaa methali haina maana. Kila nyota huchomoza dakika nne mapema kuliko jana, yaani saa mbili kwa mwezi. Kwa hiyo Kilimia, kilichokuwa juu sana angani jioni za Februari, kinashuka wiki baada ya wiki, mpaka mwishoni mwa Aprili kinapotelea kwenye wekundu wa magharibi. Mwezi Mei jua linapita karibu nacho na hakionekani kabisa. Katika Juni kinazuka upande wa pili, mashariki, kabla ya kupambazuka. Huko ndiko kuzama na kuzuka kunakosemwa. Kati yake kuna wiki tano hadi sita. Mshairi Mgiriki Hesiod, yapata miaka 2,700 iliyopita, alitaja siku arobaini.

Weka misimu yetu juu ya hesabu hiyo: kinazama masika yakiwa yamekolea, kinazuka kipupwe kimeingia. Kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nusu hiyo ya methali ni uchunguzi safi.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Kilimia kimetokea, mvua ziko njiani," namuuliza: kimetokea lini, alfajiri au magharibi? Kikitokea alfajiri ni Juni, na mvua kubwa zimekwisha. Kikichomoza mashariki jua linapozama ni Novemba, na vuli imeshaanza. Ni nyota zilezile, habari mbili tofauti kabisa. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini wana neno hilohilo, isilimela, lakini kwao kuzuka kwa Juni huja katikati ya baridi na huwaambia wajiandae kwa kilimo kinachokuja. Waxhosa waliita Juni mwezi wa isilimela, na mwanamume alihesabu miaka yake tangu jandoni kwa kuzuka huko. Wamaori wa New Zealand huanza nacho mwaka mpya, Matariki, ambayo tangu 2022 ni sikukuu ya taifa. Anayenakili maana ya Kilimia kutoka nchi nyingine bila kubadilisha msimu anapotosha watu.

Husemwa pia kwamba Kilimia ni nyota saba, ingawa wengi huona sita. Wagiriki walisema ni mabinti saba wa Atlas, na kwamba mmoja wao, Merope, alijificha kwa aibu ya kuolewa na binadamu. Kundi zima lina nyota zaidi ya elfu moja. Tuendelee.

Nina mashaka yangu pia. Kikizama kwa mvua, nani alikiona kikizama? Mwishoni mwa Aprili pwani imefunikwa na mawingu, na mara nyingi mimi mwenyewe huishia kuhesabu kuanzia jioni ya mwisho isiyo na mawingu. Kisha mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na tarehe za Kilimia husogea mbele siku moja kwa kila miaka sabini hivi. Methali ya miaka 500 imeshateleza wiki nzima.

Na ile nusu ya kwanza, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, naiona ni ubashiri: masika yakichelewa, yatakuja tu baadaye. Hapo simfuati mhenga. Nyota haijui El Niño, yaani kupanda kwa joto la bahari ya Pasifiki, na vuli ya 1997 iliyofurika Afrika Mashariki ilikuja na Kilimia kikiwa palepale kilipo kila mwaka. Kinakwambia tarehe. Mvua ya mwaka huu iulize bahari.

Kijana yule nimemwalika tena katikati ya Juni, saa kumi na moja na robo alfajiri, tutazame kaskazini-mashariki. Nimemwambia aje na koti.