Mkakati wa ubunifu wa mkoa: mdau aitwe kabla vipaumbele havijaandikwa

Kazi yangu ni kusaidia mikoa na halmashauri kuandaa mikakati ya ubunifu, na sehemu kubwa nimeifanyia huku kusini, Mtwara na Lindi. Swali ninaloulizwa mara nyingi na maafisa mipango ni hili: tuwashirikishe vipi wadau? Anayeuliza mara nyingi ana rasimu mkononi. Ina vipaumbele vitano, ina bangokitita lake, yaani jedwali la malengo, shughuli na viashiria, kilichobaki ni kupanga tarehe ya warsha. Hapo huwa nasema wazi: ukifika hapo hushirikishi tena, unatoa taarifa. Mdau atasaini mahudhurio, atapokea nauli yake na kwenda zake, na rasimu itatoka ukumbini vilevile ilivyoingia.

Kipimo ninachotumia ni kimoja. Mikutano ikiisha, nionyeshe sentensi zilizobadilika katika rasimu, na uniambie kila moja imebadilishwa na nani. Kama hakuna hata moja, picha za ukumbi uliojaa hazinisaidii.

Kusini tuna sababu zetu za kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Yakaletwa matrekta, ikajengwa reli, ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu Mtwara. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa. Tabia ya udongo na mvua za maeneo yale waliijua wakulima walioishi pale, lakini mpango ulipangwa na watu ambao hawakuwauliza. Reli ilikuja kung'olewa miaka ya 1960. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipolipinga bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, sauti iliyosikika sana mitaani ilikuwa ya watu walioona uamuzi unaowahusu umepita juu ya vichwa vyao. Kwa hiyo ukiingia kijijini Msimbati au Likong'o na neno mkakati, ujue kuna kumbukumbu imekutangulia.

Sasa, mdau ni nani? Orodha za ofisini zinafanana: Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, wakurugenzi wa halmashauri, SIDO ya viwanda vidogo, VETA ya mafunzo ya ufundi, vyuo, Bodi ya Korosho, vyama vikuu vya ushirika, mabenki, na watafiti wa kilimo wa kituo cha TARI Naliendele. Wote hao wanahitajika, wala sibishani na orodha hiyo. Nasema tu haitoshi, kwa sababu imepangwa kwa vyeo. Mimi huongeza swali jingine: ni nani tayari ametatua tatizo bila kuombwa? Ukiliuliza hilo Newala au Masasi utaelekezwa kwa fundi wa kuchomelea anayenoa na kubadilisha visu vya mashine za kubangulia korosho, yaani kutoa punje ndani ya ganda. Utaelekezwa kwa vijana wenye mashine za kupuliza salfa wanaozunguka mashambani kwa malipo, ili mkulima asiye na mashine naye aweze kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Naliendele walifanya utafiti wa ugonjwa huo kwa miaka mingi, lakini kuifikisha salfa kwenye mti wa bibi asiye na nguvu za kubeba mashine ni kazi ya hao vijana. Huo ni ubunifu wa huduma, na sijaukuta kwenye mkakati hata mmoja.

Nikae kidogo kwa wabanguaji, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Nilikaa na akina mama wanaobangua nyumbani, wilaya ya Tandahimba. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, kwa hiyo wanajipaka majivu mikononi kabla ya kushika korosho zilizotoka kukaangwa. Anaweka moja juu ya jiwe, anaigonga ubavuni mara moja, na punje inatoka nzima. Sokoni uzima wa punje ndiyo bei yenyewe: daraja linaloitwa W320 ni la punje nzima zisizozidi 320 kwa ratili moja, na punje ikivunjika inashuka na kuuzwa kama vipande. Niliwauliza wanataka mashine ya namna gani, nikitegemea waniambie ya kasi. Wakasema kasi haiwahangaishi. Shida yao ni kwamba mashine waliyowahi kuletewa ilikuwa na visu vya ukubwa mmoja, na korosho za mashamba yao, mikorosho ya zamani ikichanganyika na mipya, hazilingani. Walichotaka kwanza ni chekeche ya kupanga korosho kwa ukubwa kabla ya kubangua. Chekeche! Fundi wa pale pale mjini anaitengeneza kwa mabati na nondo. Katika rasimu niliyokuwa nayo kipengele kile kilisomeka "kusambaza teknolojia za kisasa za ubanguaji". Baada ya mazungumzo yale kikaandikwa upya.

Akina mama hao wasingesema hayo kwenye ukumbi wa halmashauri. Biashara ya korosho ghafi hupita kwenye AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), ghalani na mnadani, na anayenunua kwa mlango wa nyuma anaitwa kangomba. Mama anayebangua nyumbani akiulizwa mbele ya maafisa korosho zake amezitoa wapi, atanyamaza, hata kama ni za shamba lake mwenyewe. Ndiyo maana huwa sianzi na mkutano wa pamoja. Naanza na kila kundi kivyake, kwao, bila kuandika majina, na siendi na msafara wa magari ya serikali. Mkutano wa pamoja unakuja mwishoni, hoja zikiwa tayari zimewekwa ukutani bila mwenyewe kutajwa. Kiongozi mkubwa namwomba azungumze mwisho, kwa heshima zote. Akitangulia kusema anachokipenda, wengine wote watakuwa wakimuunga mkono.

Kalenda nayo ni nusu ya kazi. Oktoba hadi Desemba ni kuokota korosho, kutenganisha korosho na mabibo, kupanga foleni ghalani na kufuatilia minada. Mkulima ukimwita Novemba atakutumia mtoto. Msimu wa salfa wanapuliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia, basi mkutano uwe baada ya adhuhuri. Lindi kuna ufuta, nao una minada yake. Pwani ni hadithi nyingine kabisa. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, hufuata bamvua, maji makubwa ya bahari: mwezi ukiandama au ukipevuka maji hutoka mbali, nao hushuka kufunga na kuvuna. Panga mkutano siku hizo na utazungumza na waume zao. Panga kwenye maji mafu, bahari isipotoka mbali, na watakuja wenyewe. Nimeona ratiba nzuri za wataalamu zikiharibika kwa sababu hakuna aliyemuuliza mtu wa pwani mwezi una siku ngapi.

Kuna jambo ambalo watu wa ofisi hawalipendi, nalo naliamini kuliko yote: kikao kizuri cha wadau ni kile kinachotoa mgongano hadharani. Mfano uko hapa hapa. Kila mkakati wa kusini unaandika "kuongeza thamani ya korosho", na kila mtu anatikisa kichwa kukubali. Lakini korosho yetu nyingi husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na mkulima anataka mnunuzi huyo apandishe bei mnadani kadiri anavyoweza. Mbanguaji wa ndani anataka korosho hiyo hiyo kwa bei itakayomwachia faida, tena aipate ya kutosha kumaliza mwaka. Wote wawili wana haki. Usipouliza mezani "mbanguaji atapata wapi korosho ghafi, kwa bei gani, na mkulima atafidiwa na nini?", swali litajijibu lenyewe msimu wa kwanza wa minada, na viwanda vitafungwa. Nikiona wadau wa ushirika na wenye viwanda wanabishana hadi jasho linawatoka, najua tumeanza kazi.

Umoja wa Ulaya, kwa kipindi cha 2014 hadi 2020, uliweka sharti kwamba anayetaka fedha za mfuko wa maendeleo ya mikoa kwa ajili ya utafiti na ubunifu awe na mkakati wa kuchagua maeneo machache aliyo na nguvu nayo, na maeneo hayo yatokane na mazungumzo na wafanyabiashara, watafiti na raia. Wazo ni zuri, tunaweza kulichukua. Tuchukue pia onyo lake, kwamba mikoa mingi huko iliishia na vipaumbele vipana mno kwa sababu hakuna aliyetaka kumwambia mdau yeyote hapana. Mtwara na Lindi, kwa maoni yangu, maeneo matatu yanatosha.

Mwisho kuna fedha. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, na bajeti huanza kuandaliwa miezi mingi kabla. Kipaumbele kisicho na kifungu humo hakina mwenyewe. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo fundi wa chekeche mwenye karakana yake peke yake anaachwa nje. Hilo ni la kuamuliwa wakati wadau bado wako mezani, SIDO na benki wakiwepo, ili fundi huyo atafutiwe dirisha lake la mkopo.

Mkakati ukishapitishwa, ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi ubandikwe kwenye ubao wa kila AMCOS na kila ofisi ya kijiji ulikokwenda kuuliza. Uandike walichosema, kilichokubaliwa, ofisi inayokitekeleza na kifungu chake cha bajeti, na kilichokataliwa pamoja na sababu yake. Na kikao cha kwanza cha mrejesho kianze na hayo yaliyokataliwa.