Pichi lianze na limau, bourbon ifuate

Kati ya vinywaji vyote ninavyochanganya nyuma ya kaunta, kokteli ya pichi na bourbon, wiski ya Kimarekani, ndiyo naiona ikiharibika kwa wepesi zaidi, na kosa huwa lilelile: tunda linazama. Puani unapata pichi, mdomoni unabaki na wiski tamu tu. Inaniuma, maana hawa wawili wanapatana kweli.

Kwa sheria ya Marekani, bourbon hutengenezwa kwa nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, kisha hulazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Mwaloni huo huachia vanilini, yenye harufu ya vanila, pamoja na laktoni, kemikali zenye harufu kama ya nazi. Harufu ya pichi lililoiva nayo hutokana kwa sehemu kubwa na laktoni, ndugu wa zile za pipa. Lakini undugu huohuo ndio mtego. Pichi lina asidi kidogo na sauti ya chini. Bourbon ina utamu na ukali wa mbao. Zikutane peke yake, pichi linamezwa.

Dawa yake ni limau, tena mapema. Chukua nusu ya pichi lililoiva hadi linabonyea, likatekate, litie kwenye kopo la kutikisia pamoja na mililita 20 za juisi ya limau, ndipo uponde. Wengi huponda kwanza na kukamua limau mwishoni. Mimi nakataa, kwa sababu nyama ya pichi ikishapondwa huanza kugeuka kahawia inapokutana na hewa, na asidi ya limau huzuia hilo. Zaidi ya rangi, uchachu ndio unaolitoa tunda mafichoni. Chungwa haliwezi kazi hiyo, asidi yake ni ndogo mno. Mililita 15 za juisi yake utakazotia ni za harufu na za kuunganisha ladha.

Ongeza shira mililita 15, ya sukari na maji sawa kwa sawa, na bourbon mililita 60. Onja sasa, kabla ya barafu. Ikiwa tamu na kali kupita kiasi kidogo, uko sawa, kwani baridi hufifisha utamu, na barafu itayeyuka hadi maji yafikie robo ya kinywaji au zaidi. Pichi likiwa tamu sana, punguza shira, usiguse limau.

Jaza barafu ngumu, vipande vikubwa. Ile iliyokwishaanza kulowa inaleta maji tu. Tikisa kwa nguvu sekunde 12 hivi, mpaka kopo lipate ukungu na vidole viume kwa baridi. Kokteli yenye juisi na nyama ya tunda hutikiswa, haikorogwi: mtikiso huchanganya vizito na vyepesi, na huingiza viputo vya hewa vinavyoifanya iwe laini ulimini.

Chuja mara mbili, mara ya pili kwa chujio la matundu madogo, ukisukuma nyama kwa mgongo wa kijiko bila kuikamua kabisa, kwani nyuzi za ganda huleta uchungu. Mimina kwenye glasi iliyopozwa. Kisha kata ganda jembamba la chungwa, likunje juu ya glasi mafuta yake yarukie kwenye povu, na unywe povu likiwa bado limesimama.