Chombo cha sufle: tazama kuta, kisha pima maji

Kazi yangu ni kuoka, na kwa upande wa sufle, chakula chepesi cha mayai kinachoumuka ovenini, naona watu wanahangaika na mayai huku chombo wakikichagua kwa uzuri wa rangi. Mimi huanza na kuta.

Sufle haina hamira. Kinachoiinua ni hewa iliyonaswa kwenye povu la ute wa mayai: ikipata moto hutanuka, na mvuke nao husukuma. Rojo hupanda likikwea ukuta wa chombo. Ukuta ukiwa wima, linatokeza juu ya ukingo likiwa limenyooka. Bakuli la supu, lililo pana juu na jembamba chini, hulitawanya pembeni. Utakula kitu kitamu, lakini kimelala.

Wafaransa, wenye chakula hiki, wana vibakuli vyake vya kaure: nje vina mifereji, ndani ni laini kabisa. Kaure hupokea moto polepole, hivyo pembeni hapaungui kabla ya katikati kuiva. Kioo cha kuokea kinafaa pia, ila kisitoke kwenye friji na kuingia moja kwa moja kwenye oveni ya moto, hupasuka. Kama huna vyote hivyo, chukua sufuria ndogo ya alumini. Kuta zake zimesimama vizuri kuliko vibakuli vingi vya madukani! Alumini hushika moto haraka, basi anza kuitazama dakika chache kabla ya muda. Vyombo vya melamini viache kabatini.

Ukubwa usiukisie kwa macho. Jaza maji mpaka ukingoni, kisha yamimine kwenye jagi la vipimo. Kwa viini vinne na ute wa mayai matano nataka chombo cha lita 1.5 hivi; kama kila mtu ana chake kidogo, kiwe cha mililita 180 hadi 240. Rojo lifike robo tatu ya kina au zaidi kidogo. Chombo kikiwa kikubwa mno, sufle itaumuka vizuri lakini itabaki imefichwa ndani. Kikiwa kidogo, kizungushie karatasi ya kuokea iliyopakwa siagi, izidi ukingo kwa sentimita 5, uifunge kwa uzi.

Kwa wageni napendelea vidogo. Katikati yake pako karibu na moto, hivyo kwa nyuzi 190 huiva kwa dakika 12 hadi 15, wakati kikubwa huchukua kama 30. Tena sufle huanza kushuka mara itokapo ovenini, na hapa hakuna kupoteza muda kugawa mezani. Viwe vya ukubwa mmoja tu, la sivyo kimoja kitakauka kingine kikiwa bado kimaji.

Siagi ipakwe kwa brashi kutoka chini kwenda juu, kisha sukari, au jibini iliyokunwa kama sufle ni ya chumvi. Pitisha kidole gumba ukingoni kupasafisha, rojo lisigande hapo likapanda upande mmoja. Vipange vyote kwenye trei iliyokwisha kupata moto ovenini, vianze kuiva kutoka chini.