Umri Mrefu: Yanayosemwa na Yanayojulikana

Katika ukoo mkubwa wa Buganda au Busoga, hapa Uganda, ni nadra kumkosa jajja, yaani babu au bibi, ambaye wajukuu husema kwa fahari kwamba amevuka miaka 110. Dai hilo ndilo la kupimwa kwanza, kwa kuwa mtafiti wa uzee asiye na hakika ya umri wa watu anaowachunguza hana msingi wa kusimamia. Wengi wa wazee wetu walizaliwa pasipo cheti, na vitambulisho vya taifa, vilivyoanza kutolewa mwaka 2014, viliwaandikia baadhi yao tarehe za kukadiria. Njia inayosaidia ni kuuliza matukio. Bibi anayekumbuka kwamba Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, alipopelekwa uhamishoni, Novemba 1953, yeye alikuwa mtoto wa kumbeba mdogo wake mgongoni, huenda wakati huo alikuwa na miaka minane au kumi. Basi leo yuko kwenye themanini na kidogo, hata kama familia nzima inaapa vingine. Wala kasoro hii si ya Uganda peke yake: mwaka 2010 serikali ya Japani ilikuta kwenye daftari zake zaidi ya watu 230,000 wa miaka mia moja na zaidi ambao hawakujulikana walipo, na wengi wao bila shaka walikwisha kufariki zamani.

Wapo pia wanaosoma kwamba wastani wa maisha nchini ni miaka sitini na kitu, wakadhani kuwa aliyefika sitini amebakiwa na siku za kuhesabu. Wastani huo huvutwa chini na vifo vya watoto wachanga na vijana. Aliyekwisha kuvivuka ana miaka mingi zaidi ya kutarajia.

Kuhusu kauli kwamba maisha marefu ni damu ya ukoo, uchunguzi wa mapacha wa Denmark uliochapishwa mwaka 1996 ulikadiria kuwa urithi unaeleza takriban robo tu ya tofauti za umri wa kuishi kati ya mtu na mtu. Kiwango hicho bado kinabishaniwa na wataalamu, na inaelekea kwamba jeni huwa na uzito mkubwa zaidi kwa wale wachache wanaopita miaka mia moja, lakini kwa anayetaka kufika themanini na tano akiwa na nguvu zake, ukoo hauamui kila kitu.

Halafu kuna wanaotafuta siri, na wauza dawa wa redioni wanawajua vizuri. Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, alivuta sigara kwa miongo mingi. Haifuati kwamba sigara haina madhara, kwa sababu wavutaji waliokufa wakiwa na hamsini hakuna mwandishi wa habari anayewahoji. Chakula kina nafasi yake, ila si chakula kimoja. Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari waliofanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, waliona kwamba maradhi mengi ya kawaida kwa Wazungu yalikuwa haba kwa Waganda wa wakati ule, nao wakayahusisha na mlo wenye nyuzinyuzi nyingi. Mlo huo umebadilika sana mijini.

Presha nayo huchukuliwa kuwa ni uzee tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima Uganda wana shinikizo la juu la damu, na chini ya mmoja kati ya kumi wa hao ndio waliojua. Kiharusi kinachomlaza mzee kitandani mara nyingi kingeweza kuzuilika kwa vidonge na kupunguza chumvi.

Dhana ninayoiona kuwa na madhara makubwa kuliko zote ni ile ya heshima: jajja apumzike, asiguse jembe, aletewe kila kitu kitini. Misuli isiyotumika hudhoofika upesi uzeeni, na anayeanguka akavunjika nyonga huenda asitembee tena. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwapa wazee dhaifu wa takriban miaka 90, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki nane; nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Kwa hiyo mzee asiye na maumivu ya kifua wala kizunguzungu aachwe apalilie bustani yake ya maharage, na ainuke mwenyewe kitini bila kushikwa mkono.