Je, wajua ni vipi mchezo wa video uliweza kuendelea baada ya CD yake kutolewa?

Mwaka 1999, nchini Japani, ulitoka mchezo wa PlayStation uitwao Vib-Ribbon. Mchezaji aliuwasha, akaitoa CD yake, akaweka CD ya muziki aupendao, na mchezo ukaendelea kwa kuufuata wimbo huo. Uliendeleaje ilhali CD yenyewe haimo tena?

Jibu limo katika kumbukumbu ya mashine. Michezo mingi ya wakati ule ilirudi kwenye CD mara kwa mara kuchota picha na sauti, kwa kuwa PlayStation ilikuwa na megabaiti 2 tu za kumbukumbu kuu. Vib-Ribbon ulipunguzwa hadi ukaenea humo wote: hauna mandhari, bali mistari myeupe kwenye skrini nyeusi na sungura aitwaye Vibri, naye kachorwa kwa mistari hiyohiyo. Programu iliuchambua wimbo na kuugeuza kuwa njia yenye vizuizi vya aina 4, kila kimoja na kitufe chake, na muziki ulipochangamka vizuizi viwili viliungana, hivyo mchezaji akalazimika kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja.

Anayeziona picha zake pekee huenda akaudhania mchezo duni, lakini mimi nauona kuwa uamuzi wa mwanamuziki. Mbunifu wake, Masaya Matsuura, alikuwa katika bendi ya PSY·S kabla ya kuanzisha studio ndogo ya NanaOn-Sha, ambayo mwaka 1996 ilitoa PaRappa the Rapper, mchezo wa mbwa anayejifunza kurap kwa kufuatiliza mistari ya walimu wake. Humo nyimbo zilikuwa chache, zote zimetungwa na watengenezaji. Katika Vib-Ribbon, Matsuura aliacha karibu kila pambo ili nafasi ya mtunzi ichukuliwe na muziki wa mchezaji mwenyewe, na ujasiri huo wastahili heshima. Mwaka 2012, jumba la sanaa la MoMA, New York, liliutaja miongoni mwa michezo 14 ya kwanza ya mkusanyiko wake.

Wazo hilo lilionekana tena mwaka 2008 katika Audiosurf, kazi ya mtengenezaji huru Dylan Fitterer. Hapo faili za muziki zilikuwa tayari ndani ya kompyuta, basi hapakuwa na haja ya kubadili CD: sehemu tulivu za wimbo huwa mlima wa kupandwa polepole, na zenye kishindo huwa mteremko wa kasi.